Kifuniko

Kuwaka inawaka, hilo silo tatizo.
Inawaka kama mtoto aliyeonywa jana,
inatoka goli hili hadi goli lile,
inageuka mbele ya mvinje,
halafu inaanza: pu, pupu, pu,
inapanda, inashuka, inapanda,
kisha kimya.
Kitsao amekaa juu yake, mikono kwenye usukani,
katikati ya uwanja wa shule, hapa Tudor,
nusu umenyolewa, nusu una nywele.

Leo mfungo wa ishirini na tisa.
Mwezi ukiandama, asubuhi mikeka itatandikwa papa hapa,
na imamu keshapiga simu mara tatu.

"Petroli hiyo," asema Kitsao. "Yule wa kichochoroni katia maji."
Mlinzi asema plagi.
Mwalimu wa michezo asema uzee, inunuliwe nyingine;
kwa pesa za nani, hakusema.

Naanza na plagi kwa kuwa iko karibu.
Masizi makavu, kama chungu cha kuni.
Naisugua kwa brashi ya waya, mwanya naupima kwa ukucha,
tabia mbaya niliyorithi kwa baba.
Cheche ya buluu. Si wewe.
Chujio la hewa nalikung'uta gotini:
vumbi la matumbawe, mabua, bawa la panzi.
Labda wewe.
Narudisha, inawaka, tunafurahi dakika kumi.
Pu, pupu, pu.

Nafungua kabureta. Jeti ina tundu
dogo kuliko la sindano; nainyanyua juani,
naona nukta moja ya mbingu. Si wewe.
Petroli naimimina kwenye chupa ya soda, naiacha itulie.
Haina tabaka, haina tone chini.
Yule wa kichochoroni tumemsingizia,
na mwezi wenyewe huu.

Umebaki mpira.
Baba angeuvuta kwa kinywa, akatema, akasema inapita.
Mimi nimefunga.
Kitsao ananitazama, anacheka: "Lete, Fundi Zamzam,
mfungo wenu haunihusu."
Akavuta, akatema, uso ukamkunjika kama kalamba ukwaju.
Petroli ikaja kidogo,
ikaja kidogo zaidi,
ikakoma.
Na tangi limejaa.

Hapo nikaweka spana chini.
Kitu kikijaa kisitoke
usihangaike na mlango wa kutokea tu.
Nikakishika kifuniko, nikakizungusha robo:
fyuuu,
tangi likavuta pumzi
kama mtu aliyeibuka majini.

Kifuniko kina kitundu cha hewa,
na ndani ya kitundu, udongo.
Umekandwa kwa mate, umepigwa lipu,
chumba kimoja, bila dirisha.
Nyigu. Mwashi hasa, mkono wake sina la kuutia dosari.
Sisi tunapasua kifua kutafuta ugonjwa
naye kaziba pua.

Nikachomoa pini ya mtandio
(mlinzi akageuka, ana adabu zake)
nikachokoa polepole. Udongo ukaanguka kiganjani,
mwepesi, mkavu, na ndani yake
kibuibui kimekunjwa, akiba ya mtoto ambaye hakuzaliwa.
Nikakitupa mvinjeni. Sikujua niseme nini.

Basi tulikuwa wawili tuliofunga, ewe mashine,
mimi kwa nia, wewe kwa nyigu,
na wewe umetangulia kufuturu.

Inanguruma sasa, sauti moja, nzito, haipandi haishuki.
Kitsao anaupeleka mstari kombo, anarudi kuunyoosha.
Mlinzi ananisogelea na kiti cha plastiki.
"Si niliwaambia," asema, "ni plagi?"

Nikakaa. Mtandio nimeushika kwa mkono,
maana pini inanuka petroli.
Huko juu watu wameanza kupanda madarini,
wanatazama magharibi.
Mimi natazama kile kipande kilichobaki, upande wa kona,
namna kinavyopungua.